Mwimbaji wa bendi ya roki anapotoa albamu yake mwenyewe: mwongozo kamili, tangu kikao na wenzako hadi diski ya mwisho

Mwishoni mwa Aprili 1985 Freddie Mercury alitoa Mr. Bad Guy, albamu yake ya kwanza bila bendi yake ya roki, Queen. Kwenye maandishi ya kava aliwashukuru wenzake wa bendi, Brian, Roger na John, kwa kutoingilia kazi yake. Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 13 Julai, alikuwa nao jukwaani Wembley kwenye tamasha la hisani la Live Aid, na hakuna aliyewatazama siku ile angesema kuna bendi iliyopasuka.

Nimeanza na huyu mtoto wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kwa sababu kisa chake kina karibu kila kitu ambacho mwimbaji wa bendi anapaswa kukijua kabla ya kurekodi kivyake: alichopatia, alichokosea, na kilichotokea kwa nyimbo hizo baada ya yeye kufariki Novemba 1991.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Historia ya dansi imetuzoesha kwamba mwimbaji akitaka nafasi yake, anahama. Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano, na mashabiki wakaelewa bila kuelezwa. Kwa hiyo ukiwaambia wenzako "nataka kutoa albamu yangu", wao wanasikia "nawahama". Mwongozo huu ni wa mtu asiyetaka kuhama. Bendi ipo, anaipenda, ila ana nyimbo ambazo humo hazina pa kukaa.

Hatua ya kwanza: panga nyimbo zako katika mafungu matatu

Kabla ya kumtafuta prodyuza, toa kila wimbo ulionao, hata ule wa sekunde ishirini ulioimba kwenye simu ukiwa ndani ya daladala. Fungu la kwanza ni nyimbo ambazo bendi ingezipiga vizuri. La pili ni zile bendi ilizikataa. La tatu ni zile ambazo hukuwahi hata kuzipeleka mazoezini, kwa sababu ulijua moyoni kwamba si zao.

Albamu yako ijengwe juu ya fungu la tatu. La kwanza liache kwenye bendi, tena bila kinyongo, maana ukianza kuibania bendi nyimbo zake bora, wenzako watagundua ndani ya mwezi mmoja. La pili ndilo gumu. Wimbo uliokataliwa mara nyingi ulikataliwa kwa haki. Jiulize: walikataa kwa sababu ni dhaifu, au kwa sababu hauna kazi ya gitaa la solo? Kama jibu ni la pili, uhamishie fungu la tatu.

Freddie alilielewa hili. Mr. Bad Guy imejaa vinanda, midundo ya mashine na mwendo wa muziki wa disko, mahali ambapo gitaa la Brian May lingekosa pa kukanyaga. Phil Collins alifanya vivyo hivyo na Face Value mwaka 1981: nyimbo alizoziandika nyumbani ndoa yake ikiwa imevunjika, mambo ya mtu mmoja na kinanda chake, huku bendi yake, Genesis, ikiendelea na kazi. Bryan Ferry wa Roxy Music alipita njia nyingine mwaka 1973. Albamu yake ya kwanza binafsi ilikuwa ya nyimbo za watu wengine tupu, akabaki na tungo zake zote kwa ajili ya bendi. Kama wenzako ni wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, hiyo ya Ferry ndiyo njia salama kuliko zote.

Ukimaliza kupanga na fungu la tatu lina nyimbo nne tu, huna albamu. Una EP, yaani rekodi fupi ya nyimbo chache, na EP nzuri ni heshima.

Hatua ya pili: kaa na wenzako kabla hujalipia hata saa moja ya studio

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakiumia.

Kuna bendi niliyoifanyia kazi ya fundi mitambo ambayo ilivunjika kwa picha moja. Mwimbaji alikuwa ameshamaliza kurekodi nyimbo tatu za kwake, rafiki yake akaweka mtandaoni picha yake yuko studio, na nyuma yake kwenye dramu ameketi mtu mwingine. Kesho yake mpiga dramu alikuja mazoezini mapema kuliko wote, akafungua matoazi yake moja moja, akayafunga kwenye mfuko wake na kuondoka. Hakugomba. Mwimbaji aliniapia kwamba alikuwa amepanga kuwaambia wiki ileile. Ninamwamini, lakini haikusaidia.

Basi waambie mapema, uso kwa uso, wote pamoja. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp, na usimtangulize mmoja ili akusaidie kuwaandaa wengine. Huyo mmoja atageuzwa msaliti. Chagua siku isiyo ya shoo. Peleka nyimbo mbili uwasikilizishe, kwa sababu mtu akisikia kwa masikio yake kwamba ule si muziki wa bendi, hofu yake hupungua kuliko kwa maneno yoyote.

Kisha mkubaliane juu ya mambo manne, myaandike kwenye karatasi moja na kila mtu atie sahihi. La kwanza ni tarehe: lini utarekodi, lini utatoa, na ni miezi gani ambayo bendi ina haki ya kukupata bila kisingizio. La pili ni nyimbo: orodha ya zile unazochukua. La tatu ni jina: je, matangazo yako yanaruhusiwa kusema "mwimbaji wa bendi fulani", na kwa herufi za ukubwa gani? La nne ni fedha: kama utatumia vyombo vya bendi, spika za bendi au chumba cha mazoezi, utalipa nini?

Tarehe ndizo zilizowaponza Rolling Stones. Bendi iliingia mkataba na kampuni ya rekodi ya CBS mwaka 1983, na ndani yake mwimbaji Mick Jagger akapata nafasi ya albamu zake binafsi, jambo lililomkera sana mpiga gitaa Keith Richards. Jagger alitoa She's the Boss mwaka 1985. Mwaka 1986 bendi ikatoa Dirty Work bila ziara ya kuinadi, mwaka 1987 Jagger akawa na albamu ya pili ya kwake, na wawili hao wakawa wanarushiana maneno kwenye magazeti. Hadi 1989 ndipo waliporudi pamoja na Steel Wheels. Albamu binafsi peke yake isingefanya hayo. Iliwachoma kwa sababu ilikula muda wa bendi.

Kama wenzako wana shauku ya kusaidia, wakubalie. Hayley Williams alipotengeneza Petals for Armor, iliyotoka 2020, prodyuza wake alikuwa Taylor York, mpiga gitaa wa bendi yake ya Paramore. Mwaka 2023 Paramore wakatoa albamu mpya.

Hatua ya tatu: soma mikataba, kisha gawa hisa kwa maandishi

Kama bendi ina mkataba na lebo, tafuta kifungu kinachosema kama mkataba unamfunga kila mwanabendi mmoja mmoja au bendi tu kwa jina lake. Mikataba mingi ya kurekodi humfunga kila mtu, hata kazi zake za pembeni na hata akiondoka. Kama ndivyo ilivyo kwako, utahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwa lebo. Queen walikuwa EMI, ilhali Mr. Bad Guy ilitolewa na CBS. Jambo la namna hiyo haliwezekani bila karatasi kukaa sawa. Lipa mwanasheria akusomee mara moja. Ni gharama inayouma, lakini ni ndogo kuliko kesi.

Kumbuka pia kwamba kila wimbo una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo wenyewe, na kuna haki ya rekodi, yaani masta. Unaweza kumiliki masta yote na bado mpiga gitaa wako wa zamani akawa na robo ya utunzi, kwa sababu ile mistari ya gitaa inayorudiarudia aliibuni yeye siku mlipokuwa mnapasha vyombo.

Vipande kama hivyo ndivyo vinavyoleta ugomvi. Thom Yorke wa Radiohead alipotengeneza The Eraser, iliyotoka 2006, wimbo wenye jina la albamu ulijengwa juu ya kodi za piano alizomrekodi Jonny Greenwood, mwenzake wa bendi, kwa kinasa sauti kidogo. Yapo mengi ya aina hiyo kwenye simu yako. Usijidanganye kwamba umeyasahau yalikotoka. Piga simu, omba ruhusa, andikeni asilimia.

Karatasi ya migao iandikwe siku ileile wimbo unapokamilika, kabla hujajua kama utapendwa. Jina kamili la kila mtunzi, asilimia yake, sahihi na tarehe. Wapiga vyombo wa kukodi watie sahihi karatasi nyingine inayosema wamelipwa kwa kazi yao na wameruhusu rekodi itumike. Halafu sajili kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Kwa Kenya, kabla ya kujiunga na chama cha kukusanya mirabaha, hakikisha kina leseni ya KECOBO kwa mwaka huo.

Hatua ya nne: badilisha kitu kimoja, acha kingine

Mwimbaji anayebadilisha kila kitu hupotea, na asiyebadilisha chochote hutoa albamu ya bendi yenye jina lake juu. Freddie alibaki Musicland, studio ya Munich ambako Queen walikuwa wamesharekodi, na akabaki na Mack, prodyuza aliyekuwa ameshafanya nao kazi. Lakini dramu akampa Curt Cress, gitaa Paul Vincent, besi Stephan Wissnet, na kwenye vinanda akamwita Fred Mandel. Chumba anakijua, mtu wa kumwambia "rudia" anamjua, ila mikono inayopiga ni migeni. Kwa albamu ya kwanza nashauri mpango huohuo. Mtu mmoja anayeijua sauti yako tangu zamani atakuokoa siku utakapochoka na kuanza kupenda kila unachosikia.

Hatua ya tano: tafuta kii ya sauti yako, si ya gitaa

Haya nimeyasikia yakisemwa mara chache sana, na mimi nayaona ndiyo faida kubwa kuliko zote ya kurekodi kivyako.

Gitaa lina nyuzi sita, na ule mnene kuliko wote ni E, unaofuata ni A. Muziki wa roki umejengwa juu ya nyuzi hizo mbili zikipigwa wazi, kwa sababu zikiachwa wazi ndipo gitaa linapounguruma. Matokeo yake, bendi nyingi za roki hupiga kwenye kii (noti ya msingi ya wimbo) ya E au ya A, na mwimbaji hujipachika humo. Pengine umeimba miaka sita kwenye kii iliyochaguliwa na waya. Bendi nyingi hulegeza nyuzi zote kwa nusu toni ili kumpunguzia mwimbaji mzigo, lakini hata hapo bado ni gitaa linaloamua. Waimbaji wa kwaya hawana tatizo hili, mwalimu huwauliza "do iwe wapi?", akawasikiliza, akaishusha au kuipandisha.

Fanya kama mwalimu wa kwaya. Jioni, sauti ikiwa imeshapata moto, zima ala zote na uimbe kiitikio bila muziki, uanzie popote mdomo unapotaka. Rekodi kwa simu. Rudia mara tatu, kila mara baada ya kupumzika kidogo na kunywa maji. Kisha tafuta kwenye kinanda ni wapi ulipoangukia. Mara nyingi utakuta umeangukia karibu na sehemu moja mara zote tatu, na si E.

Sasa rekodi kiitikio katika kii tatu: hiyo, ya nusu toni chini yake, na ya nusu toni juu yake. Usichague usiku huo. Asubuhi sikiliza ukiwa unafanya jambo lingine, unapiga pasi au unaosha vyombo, na uchague ile ambayo maneno yake uliyasikia bila kujitahidi. Waimbaji wa roki huchagua ya juu kwa sababu inaonyesha nguvu. Ipime: imba kiitikio mara nne mfululizo bila kupumzika. Kama mara ya nne sauti inachanika, shuka. Utauimba wimbo huo kwa miaka.

Hatua ya sita: kurekodi sauti

Mwimbaji mmoja niliyemrekodi, ambaye sauti yake jukwaani ingepasua turubai, alishindwa ubeti wa kwanza wa wimbo wa taratibu kwa saa mbili nzima. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amezoea kuimba juu ya dramu, na sasa mbele yake kulikuwa na gitaa moja la nyuzi za nailoni. Nilimpa kiti akaketi, nikashusha sauti kwenye hedifoni mpaka akaanza kusikia pumzi zake mwenyewe, nikamwambia aimbe kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Ubeti ule tuliupata mara ya pili tu, na ndio ulio kwenye albamu.

Kwa hiyo punguza sauti ya hedifoni kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Simama shibiri moja kutoka kwenye maiki kwa sehemu za kawaida. Kwa sehemu za nguvu rudi nyuma hadi shibiri mbili na ugeuze uso kidogo. Weka kichujio cha pumzi mbele ya maiki, maana maneno yetu yamejaa "p" na "b", na neno kama "pepo" likipiga maiki bila kizuizi huacha kishindo kisichofutika. Sauti inapopanda sana isipite desibeli -6 kwenye mita. Kama huna chumba cha studio, chumba chenye kabati la nguo lililofunguliwa, godoro limesimamishwa nyuma yako na blanketi nzito dirishani kitakufaa kuliko sebule nzuri yenye vigae.

Imba wimbo mzima mara nne au tano bila kukatiza, ndipo uanze kurekebisha mistari mmojammoja. Mara ya kwanza usiifute kamwe, hata kama umekosea maneno. Mara nyingi mtu huimba kwa ukweli zaidi kabla hajaanza kujisikiliza.

Hatua ya saba: urefu, miksi na masta

Dakika 35 hadi 42 zinatosha. Sahani ya santuri hubeba takriban dakika 22 kila upande, na ingawa hutachapisha santuri, kipimo hicho bado kinalifaa sikio. Fungua na wimbo ambao bendi yako isingeweza kuupiga. Msikilizaji ajue ndani ya dakika moja amekuja nyumba nyingine.

Miksi, yaani kazi ya kuchanganya sauti na vyombo, mpe mtu ambaye hakurekodi. Masta, yaani nakala ya mwisho iliyosawazishwa, usiilazimishe kelele: kwa kawaida Spotify hushusha nyimbo zenye kelele kufikia takriban -14 kwenye LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, hivyo kelele ya ziada unailipia kwa kupoteza uhai wa muziki bila kupata kitu. Dai mafaili ya WAV ya biti 24, usikubali MP3.

Hatua ya nane: usambazaji na matangazo

Mpelekee msambazaji wako wa mtandaoni, awe DistroKid, TuneCore au mwingine, wiki nne kabla ya tarehe ya kutoka. Kava iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Kila rekodi itapata namba ya ISRC, ya kuitambulisha, yenye tarakimu na herufi 12. Ziandike zote kwenye daftari, kwa sababu ukihamia msambazaji mwingine utatakiwa kuzipeleka zilezile ili hesabu ya wasikilizaji isianze upya. Wimbo unaotaka kuupendekeza kwa wahariri wa Spotify upeleke angalau siku saba kabla haujatoka. Ujue pia kwamba tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi huko, kwa hiyo ni afadhali nyimbo 9 zinazosikilizwa kuliko 16 ambazo nusu yake zimelala. Usisahau Boomplay na Mdundo, maana huko ndiko walipo wasikilizaji wengi wa kwetu.

Usidhani mashabiki wa bendi ni wako. Mr. Bad Guy ilifika nafasi ya 6 Uingereza, lakini Marekani haikuingia hata 100 bora, pamoja na jina lote la Queen. Tanguliza wimbo mmoja miezi kadhaa kabla, kama Freddie alivyotanguliza Love Kills Septemba 1984, na uangalie nani anauitikia. Yeye hakufanya ziara ya albamu ile. Wewe fanya hata shoo tatu ndogo, na kwenye shoo hizo usiimbe wimbo hata mmoja wa bendi bila kuwauliza wenzako.

Hatua ya tisa: hifadhi kila sauti peke yake

Baada ya Freddie kufariki, wenzake watatu walichukua sauti alizoimba kwenye Made in Heaven na I Was Born to Love You, nyimbo mbili za Mr. Bad Guy, wakaweka chini yake magitaa, besi na dramu zao, na mwaka 1995 zikatoka kwenye albamu ya Queen. Mwaka 2019 Mr. Bad Guy yote ilifanyiwa miksi mpya. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu sauti ilikuwa imehifadhiwa mbali na vyombo. Kama kingebaki kile kilichomiksiwa tu, pasingekuwa na la kufanya.

Studio nyingi zetu hukabidhi faili moja la mwisho, na mwaka ukipita kompyuta imefutwa. Usilipe malipo ya mwisho kabla hujakabidhiwa kila ala peke yake, mafaili yote yakianzia sekunde ya sifuri ili mtu yeyote akiyapanga yakae sawa. Yape majina yanayoeleweka: jina la wimbo, sauti kuu, mwitikio wa kwanza, mwitikio wa pili, besi, kasi ya mdundo na kii. Tengeneza nakala tatu. Moja ibaki kwako, moja uiweke kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ya tatu itie kwenye diski ya nje umpe mpiga dramu wako aiweke kwake.